Mwenzake Kardinali

Ukimuuliza mtu pale Bormla, mji wa bandari, nyumba ya mzee Indri, atakuuliza Indri yupi, maana wako wengi. Ukisema Indri mwenye Kardinali, basi hata mtoto atakupandisha ngazi mpaka mlangoni. Kardinali alikuwa chiriku dume, wa manjano tangu utosini hadi mkiani, na jina hilo alipewa kwa ajili ya kiburi chake. Akianza kuimba asubuhi kutoka kwenye roshani ya mbao, wanawake waliokuwa wakianika nguo upande wa pili walisimama na vibanio mdomoni wakamsikiliza. Wanaume wa klabu ya bendi, ambao wote hufuga ndege na wote ni waongo linapokuja suala la ndege wao, mbele ya Kardinali walikuwa wakinyamaza na kunywa bia yao kwa adabu.

Binti wa mzee Indri, Filumena, ambaye watu walizoea kumwita Mena, hakujulikana kwa lolote. Alikuwa mwanamke wa makamo, hajaolewa, anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja upande wa pili wa bandari. Akitoka kazini alipita dukani, akapanda ngazi na mifuko, akampikia baba yake, akamvua viatu, akampa dawa. Watu walisema Mena ni mtoto mwema, wakageuka wakaongea mambo mengine.

Jioni moja ya Desemba, mvua ikipiga vioo vya roshani, Mena alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake, mguu wa mzee mapajani mwake, akimkata kucha. Kisukari kilikuwa kimekwisha kumpofusha mzee macho yote mawili, na daktari alikuwa amemwonya Mena kuhusu miguu: ioshwe kila siku, ikaushwe vizuri katikati ya vidole, na kucha zikatwe pole pole asije akamjeruhi. Kazi hiyo hakuipenda, lakini aliifanya vizuri kuliko muuguzi. Nardu, rafiki wa mzee tangu siku walipokuwa wakichomelea meli pamoja karakanani, alikuwa amekuja kuaga. Alikuwa anakwenda kisiwani Gozo kwa binti yake kwa sikukuu zote.

"Na wewe je, Indri?" Nardu akauliza. "Krismasi hii utakuwa na nani?"

"Mimi ninaye Kardinali," mzee akasema. "Mungu asinichukulie ndege wangu tu. Bila yeye ningekuwa peke yangu humu ndani kama mfungwa."

Nardu akacheka kidogo, akamtazama Mena, kisha akaitazama kofia yake mwenyewe iliyokuwa juu ya goti. Mena hakuinua kichwa. Alimaliza kucha ya kidole gumba, akaupangusa mguu, akauvalisha soksi, akauchukua mguu wa pili.

Angelia siku ile, pengine yangekwisha pale pale. Hakulia. Alimsindikiza Nardu mpaka mlangoni, akamtakia sikukuu njema, akarudi kuosha beseni. Usiku akalala chali akitazama dari, na alfajiri, kabla hata mwanga haujakaa sawa, Kardinali akaanza. Na mzee naye, kutoka chumbani kwake, akaanza: "Haya mwanangu. Haya kipenzi changu. Imba, imba, Baba anakusikia." Maneno kama hayo Mena hakuwa na kumbukumbu ya kuambiwa yeye.

Sasa kuna jambo moja ambalo kila mtoto wa mtaa ule analijua kabla hajaijua Baba Yetu. Chiriku dume huimba kwa sababu yuko peke yake. Mtilie jike tunduni, ataimba siku mbili tatu za kujionyesha, halafu atanyamaza, maana yule aliyekuwa akimwita amekuja. Ndiyo sababu wanaume wa klabu huweka madume yao kila mmoja na tundu lake, na mwenzao akimpa dume lake jike nje ya msimu wa kuzalisha, humuuliza kama amechoka na masikio yake. Mgeni angeweza kukosea akasema hakujua. Mena alizaliwa ndani ya nyumba ya ndege.

Jumapili akaenda mnadani, akasimama mbele ya mwanamume mwenye matundu yaliyopangwa ukutani.

"Wa kuzalisha?" muuza ndege akauliza.

"Hapana. Kuna dume nyumbani, yuko peke yake. Namwonea huruma."

"Anaimba?"

"Anaimba."

"Basi huruma hiyo itakukosesha muziki, mama. Unajua lakini?"

"Najua," Mena akasema.

"Haya. Usije ukanirudishia hapa ukasema nilikudanganya."

Jike lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya vumbi, halina makuu. Mena alilibeba ndani ya kiboksi chenye matundu ya hewa, akalihisi likitambaa upande huu na upande ule. Mchana, mzee alipokuwa amesinzia kwenye kiti chake pale roshani, blanketi hadi kifuani, alifungua mlango wa tundu kwa vidole vya mwizi, akaliingiza. Kardinali alijibanza pembeni, akavimbisha manyoya. Mzee hakusogea. Mena akarudi jikoni akamenya viazi.

Siku za mwanzo Kardinali aliimba kama aliyelewa. "Leo huyu ana nini?" mzee akawa anasema, na Mena akawa anajibu kwamba ni baridi inamchangamsha. Kisha ikafika asubuhi moja ambayo Mena aliamka jua likiwa limekwisha kuingia chumbani. Hakuna kelele. Alinyoosha miguu kitandani akafurahi, na furaha hiyo ndiyo aliyokuja kuionea haya kuliko mambo mengine yote, kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Haikudumu. Alimkuta mzee ameketi roshani, uso ameuelekeza kwenye tundu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeambiwa asubiri mlangoni na aliyemwambia amesahau. Mena alikuwa ametumaini jambo la kijinga. Alitumaini kwamba ndege akinyamaza, mzee atageuka. Atauliza, Mena, umelalaje? Atauliza, Mena, nje kuna nini leo? Mzee hakugeuka. Alizidi tu kuwa mkimya, akala nusu ya supu, akasema asante, akarudisha uso wake pale pale kwenye tundu.

Siku ya tatu ya ukimya huo akauliza, "Mena, Kardinali anaimba?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ingetosha kusema hapana, Baba, na yaliyobaki yangejisemea yenyewe. Lakini mdomo wa mtu mwenye hatia huwa na haraka zake.

"Anaimba, Baba," Mena akasema. "Kwani humsikii?"

Vidole vya mzee vilikuwa vikichezea upindo wa blanketi.

"Namsikia," akasema. "Kwa mbali."

Mena aliingia jikoni akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Macho ya mzee yalikwisha kwenda, na sasa yeye, mwanawe, kwa ulimi wake, amemchukulia na masikio. Alijiambia atamweleza jioni. Jioni akajiambia si vizuri kumharibia mzee Krismasi. Krismasi ikapita, wakala sungura wa mchuzi, wao wawili tu, na mzee akasema nyama ni laini, na Mena akasema ndiyo, ni laini. Jirani wa chini alipouliza mbona mtaa umepooza siku hizi, Kardinali yuko wapi, Mena alisema ndege ana mafua, amemfungia vioo asipigwe na upepo. Uongo ule wa pili ulimtoka kwa urahisi zaidi kuliko ule wa kwanza.

Baada ya mwaka mpya mzee akaomba atiwe mafuta masikioni. Mama yake Mena, alipokuwa hai, alikuwa akiwafanyia hivyo wote nyumbani: mafuta ya zeituni kidogo kwenye kijiko, kijiko juu ya moto mpaka yapate uvuguvugu, halafu matone.

"Pengine ni nta imeziba," mzee akasema. "Jaribu."

Mena akapasha mafuta. Mzee akajilaza kwenye kochi, kichwa akakiweka kwenye paja la binti yake, kichwa kizito, chenye mvi fupi zinazochoma kama brashi. Masikio yake yalikuwa mazima. Mtu huyu aliweza kumsikia muuza mkate akiwa bado ngazi za chini, na Mena alilijua hilo, na bado alikiinamisha kijiko akahesabu matone kwa uangalifu, kama daktari. Mafuta yakamwagikia shingoni mwa mzee, akayapangusa kwa kidole.

Mzee hakuinuka upesi.

"Una la kuniambia, Mena?"

"La nini, Baba?"

"Nauliza tu."

"Sina. Geuka nikutie upande wa pili."

Mzee akageuka. Alikaa hivyo muda mrefu, sikio jingine likiwa juu, na Mena alitazama ukuta. Aibu ilimkaba mpaka akadhani mzee ataihisi kupitia paja lake.

Kila Januari, siku ya Mtakatifu Antoni Abate, watu hupeleka wanyama wao mbele ya kanisa wakabarikiwe, na mzee Indri hajawahi kukosa hata mwaka mmoja, kwanza akiwa na macho yake, baadaye akishikwa mkono. Mena alijua hivyo. Alikuwa amepanga kila kitu. Asubuhi ya siku hiyo atalitoa jike, atalificha jikoni, wakirudi kutoka kanisani atampelekea muuza ndege alichukue hata bure, na jambo lote litafutika kama vile halijatokea. Usiku wa kuamkia siku ile ulikuwa wa kwanza kulala vizuri tangu sikukuu.

Lakini Nardu alirudi kutoka Gozo jioni ile, na asubuhi hakusubiri kuitwa. Mena alikuwa bado anamfunga baba yake vifungo vya koti aliposikia buti zake kwenye ngazi, kisha roshani.

"Bingwa yuko wapi?" Nardu alikuwa akisema. "Mwaka huu mimi ndiye nitakayembeba. Wewe Mena mshike mzee."

Usiku, kwa ajili ya baridi, Mena alilifunika tundu kwa skafu nzito ya sufi. Alipotoka mbio chumbani, Nardu alikuwa amekwisha kulinyanyua na skafu yake.

"Ngoja, Nardu. Nimbadilishie maji kwanza."

"Maji atapewa na padri," Nardu akasema, akashuka ngazi.

Njia nzima Mena alimtazama mgongoni. Alifikiria kujikwaa, aanguke kweli, watu wamkimbilie. Alifikiria kumwambia baba yake pale pale barabarani, neno moja tu, kabla hawajafika. Mzee alikuwa amemshika kiwiko, anatembea taratibu akipapasa jiwe kwa fimbo, na kila Mena alipofungua mdomo alikuta hauna kitu.

Mbele ya kanisa kulikuwa na mbwa wa kila aina, mbuzi mmoja aliyefungwa utepe, farasi wa mbio anayetetemeka ngozi, kobe ndani ya beseni, na paka walioichukia shughuli nzima. Wanaume wa klabu walikuwa wamepanga matundu yao juu ya ukuta mfupi. Wakamfanyia Kardinali nafasi katikati, kama ilivyo desturi, na Nardu akaivua ile skafu kwa madaha.

Akabaki ameishika hewani.

"Hebu," akasema. "Indri. Humu mna jike."

Wanaume wakasogea. Mmoja akainama akatazama, akajinyoosha.

"Kardinali kaoa," akatangaza.

"Na Roma wanajua?" mwingine akauliza, na kicheko kikaenda ukuta mzima.

"Ndiyo maana simsikii tangu Krismasi," akasema mume wa yule jirani wa chini. "Mena akamwambia mke wangu eti ndege ana mafua."

"Mafua ya ndoa hayo. Hata mimi ninayo."

Mena alisimama. Uso ulikuwa umemwiva, masikio yakivuma, na hakuwa na pa kuyaweka macho yake. Nardu peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Mena moja kwa moja, na Mena akaona kwamba anaikumbuka jioni ile ya kucha, anakumbuka kilichosemwa na nani alikuwa amepiga magoti. Nardu alijua. Alikuwa anaunganisha moja na moja mbele ya macho yake.

"Nani kamfanyia ndege huyu hivi?" Nardu akauliza, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Ndege kama huyu. Nani kamnyamazisha?"

"Mimi," mzee Indri akasema.

Wakamgeukia.

"Wewe?"

"Mimi ndiye niliyemtuma Mena. Nataka makinda. Au siku hizi ndege wangu mwenyewe namfuga kwa ruhusa ya klabu?"

"Makinda Januari, Indri? Na macho huna, utayatazama kwa kitu gani?"

"Nitayashika. Wewe yakuhusu nini?" Mzee akapiga fimbo chini mara moja. "Yuko wapi padri? Padri, njoo huku, uwabariki hawa wawili kabla Nardu hajawatenganisha."

Padri, kijana mwenye mafua yake ya kweli, akaja akacheka, akanyunyiza maji. Matone yakamwangukia Kardinali, yakamwangukia na jike, likajikung'uta. Mena alipiga ishara ya msalaba kama watu wengine. Kiwiko chake kilikuwa bado mkononi mwa baba yake, na mkono ule ulikuwa umembana sana.

Nyumbani alimvua koti, akamkalisha, akasimama mbele yake na koti mikononi.

"Ulijua," akasema.

"Nimefuga ndege tangu navaa kaptula, Mena. Miguu minne kwenye kijiti nisiisikie?"

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Sikuwa nimelala."

"Mbona ulisema unamsikia akiimba?"

"Wewe ndiye uliyesema anaimba. Ningekuita mwongo?"

"Na yale mafuta?"

Mzee akatabasamu kidogo, kwa haya. "Mama yako akishika kichwa cha mtu alikuwa hawezi kuficha kitu. Nikasema labda na wewe uko hivyo." Akanyoosha mkono akautafuta wa Mena, akapata koti, akalishika hilo hilo. "Nilikaa nikafikiri. Nikasema mtoto amemwonea ndege huruma, na anaogopa nikijua nitafoka. Na kweli ningefoka. Nikaona aibu kwamba mwanangu ananiogopa hivyo kwa kitendo cha huruma. Sasa mbele ya wale wajinga ningesema nini? Ningekuachia wakutafune?"

Mena akamwachia koti.

"Ulimwonea huruma, sivyo?"

Mzee alikuwa amemwokoa mbele ya watu. Alikuwa amesema uongo penye maji ya baraka, mzee aliyekuwa hasemi uongo hata kwenye karata. Na sasa alikuwa anamshikia mlango wa pili wazi ili apite, na Mena akapita.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Nilimwonea huruma."

"Una moyo wa mama yako," mzee akasema. "Mimi miaka yote hii sikuwahi kuliwaza hilo."

Sifa ile ilimkaa Mena kooni siku nzima. Alienda kazini nayo, akarudi nayo. Jioni akaenda stoo akachukua tundu la zamani, akalipangusa, akalitoa jike pale roshani akaliweka humo, akalifungia jikoni. Aliona amepata dawa. Atamrudishia mzee muziki wake, na wataishia hapo bila maneno zaidi. Ndivyo tulivyo wengi wetu: tutarekebisha kila kitu duniani ilimradi tusifumbue mdomo.

Alfajiri Kardinali akaimba. Aliimba kwa nguvu ambayo Mena hakuwahi kuisikia, bila kupumzika, mpaka vioo vya roshani vilikuwa kama vinaitikia. Mena akaamka, akapika chai, akaimimina kwenye glasi kama mzee alivyopenda, akaenda nayo akitaka kuuona uso wake. Mzee alikuwa ameketi roshani na nguo za kulalia, miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi, mikono imeshika magoti.

"Mena."

"Naam, Baba. Unamsikia? Leo anaimba kweli."

"Umemtoa mwenzake."

"Nimemtoa. Niliona unamkosa Kardinali."

"Mrudishe."

"Lakini Baba, wewe mwenyewe..."

"Sikiliza."

Wakasikiliza. Kardinali alipanda, akashuka, akapanda tena. Alipovuta pumzi, kutoka jikoni kukaja sauti moja ndogo, kavu, na Kardinali akajitupa kwenye vyuma vya tundu kabla hajaanza upya.

"Huyo haimbi," mzee akasema. "Anatafuta. Na mimi nimekaa hapa umri wangu wote nikiita watu waje wasikilize." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ulikuwa sahihi wewe. Mrudishie mwenzake. Mimi nimezoea giza, ukimya utanishinda?"

Mena alilileta jike, akalifungulia. Kardinali akanyamaza mara moja, akasogea kwenye kijiti akampa nafasi. Mtaa wote ukatulia. Kule chini mtu alikuwa anafagia mlango wake.

"Mungu akubariki kwa huruma yako," mzee akasema.

"Sikumhurumia."

"Nini?"

"Sikumhurumia, Baba." Alikuwa ameishika tena ile glasi ya chai. "Ndege sikumfikiria hata mara moja. Nilitaka anyamaze. Ulikuwa unaongea naye kutwa kucha, unamwita mwanao, na mimi nipo. Nardu alikuuliza utakuwa na nani ukasema bila ndege uko peke yako, na mimi nimeshika mguu wako. Nikasema akinyamaza labda..."

Hakumaliza. Uso ulikuwa unamwaka. Alishukuru kwamba mzee haoni, kisha akaionea haya hata shukrani hiyo.

Mkono wa mzee ukapapasa hewani, Mena akampa glasi. Akanywa, akaimaliza, akaiweka sakafuni kwa uangalifu karibu na mguu wa kiti. Mena alisubiri afokewe, na angefurahi kufokewa.

"Basi amenyamaza," mzee akasema. "Ulitaka kuniambia nini?"

Miaka mingi, akikunja mashuka, Mena alikuwa amemwambia baba yake mambo mengi kimoyomoyo, hotuba nzima nzima zenye mwanzo na mwisho. Sasa alizitafuta asiione hata moja. Na mzee alikuwa amemgeukia, sikio mbele, mdomo wazi kidogo. Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anasubiri kweli, vile vile alivyokuwa akimsubiri ndege.

"Si mambo makubwa," Mena akasema. "Ya kila siku tu. Juzi kazini wametuletea mashine mpya ya kupiga pasi mashuka, halafu yule Duminka ninayekunja naye..."

"Ngoja kwanza. Mashuka gani? Si unashona suruali pale kiwandani?"

Kiwanda cha suruali kilifungwa mzee akiwa bado na macho yake. Mena alimwambia siku kilipofungwa, na akamwambia tena siku alipopata kazi hotelini, na jioni zote alizorudi ananuka sabuni alikuwa akipita mbele ya kiti hiki hiki. Hakusema lolote kati ya hayo. Alikaa kimya, na mzee akausikia ukimya huo, akauelewa. Damu ikampanda shingoni, ikapanda mashavuni, akainamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mena," akasema taratibu. "Siku hizi unafanya kazi wapi?"

Mena akavuta kiti, akaketi, akamwambia.